Kitufe cha Rose Njeri: kisa kimoja, na mahali somo la uraia linapokatikia

Kenya, mtu akikamatwa Ijumaa watu huuliza siku kabla ya kuuliza kosa. Katiba, Kifungu cha 49, inamtaka polisi amfikishe mshukiwa kortini ndani ya saa 24. Lakini inaongeza kwamba saa hizo zikiisha korti zikiwa zimefungwa, basi afikishwe siku ya kwanza zitakapofunguliwa. Wanaokamata wanaijua nyongeza hiyo vizuri kuliko wanaokamatwa, na ndiyo sababu mitaani pakazuka jina la Kamatakamata Fraidei. Rose Njeri, mhandisi wa programu wa Nairobi, alikamatwa Ijumaa ya tarehe 30 Mei 2025. Jumapili ilikuwa tarehe 1 Juni, Sikukuu ya Madaraka, na kwa kuwa sikukuu iliangukia Jumapili, Jumatatu nayo ikawa mapumziko. Gwaride likapigwa Homa Bay na hotuba za uhuru zikasomwa, yeye yuko seli. Alifika Mahakama za Milimani Jumanne tarehe 3.

Kilichompeleka huko ni tovuti. Ilikuwa na orodha ya vifungu vya Mswada wa Fedha wa 2025 ambavyo aliviona vina matatizo, maelezo mafupi ya kila kimoja, na kitufe. Ukikibonyeza, barua pepe ya kuupinga mswada inakwenda Bunge la Kitaifa. Basi, hakuna zaidi.

Mimi hufundisha elimu ya uraia kwa vijana hapa Pwani, katika kumbi za kijamii na madarasa yanayoazimwa wakati wa likizo, na kisa hiki nimekitumia kuliko kingine chochote. Wenzangu hukitumia kama kisa cha ushujaa. Ushujaa upo, sikatai, ila haufundishiki. Kinachonivuta ni kwamba ukikifuata hatua kwa hatua kinakuonyesha hasa somo letu linapokatikia. Kijana anajua ana haki, tena ataitaja kwa nambari ya kifungu. Muulize haki hiyo inapelekwa ofisi gani, kwa anwani ipi, kabla ya tarehe ngapi, na ikifika nani anaisoma. Hapo ukumbi hunyamaza.

Njia ipo, na si ya kificho. Kila mwaka Hazina ya Kitaifa hupeleka mswada wa fedha Bungeni kabla ya Mei kuanza, na Bunge linatakiwa limalize kazi kabla ya Juni kwisha kwa sababu mwaka wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Katikati ya hapo Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa hutoa tangazo magazetini kuwaalika wananchi watoe maoni kwa maandishi, yapelekwe kwa Karani wa Bunge kwa posta, kwa mkono au kwa barua pepe. Haya si hisani ya kamati. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalilazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria. Cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliandikia Bunge ombi, na cha 37, kile ambacho vijana hukikariri kwa sababu ya maandamano, kinataja pia kupeleka maombi kwa mamlaka za umma. Sehemu hiyo ya mwisho huwa hawaikumbuki.

Kwa hiyo mlango hufunguliwa kila mwaka. Tatizo linaanza ukiufungua mswada wenyewe.

Mswada usio na mkate

Mwaka 2024 mambo yalikuwa mepesi, kama neno mepesi linafaa kwa mwaka ule. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi, na vitu vyake vilikuwa vya kuonekana kwa macho: VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 kwenye mkate, ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia, kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, na tozo ya mazingira iliyogusa hadi nepi za watoto. Hakuna haja ya mwalimu hapo. Vijana waliusoma wenyewe, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani kwenye TikTok, wakatengeneza roboti za gumzo zinazojibu maswali kuhusu kila kifungu, na nambari za simu za wabunge zikasambazwa ili waheshimiwa "wasalimiwe". Rais William Ruto akaitwa Zakayo, yule mtoza ushuru wa Biblia, na kila mtu aliyepita shule ya Jumapili alijua ni nani anaambiwa ashuke mtini. Wabunge walipitisha mswada tarehe 25 Juni kwa kura 195 dhidi ya 106, siku hiyohiyo waandamanaji wakaingia Bungeni, na kesho yake William Ruto akasema hatautia sahihi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilirekodi vifo visivyopungua 60 katika maandamano ya mwaka ule. Sitaki kuipita idadi hiyo kana kwamba ni takwimu ya pembeni. Kila nikisema "Juni 2024" ukumbini, huwa kuna mmoja anayeangalia chini.

Mwaka 2025 serikali ilikuwa imejifunza. Waziri wa Fedha John Mbadi aliusimamia mswada akisisitiza kwamba hauongezi kodi. Mkate haumo, mafuta hayamo, gari halimo. Ukiwasomea vijana, wanapiga miayo. Na hapo ndipo kazi ya Njeri inapokuwa kubwa kuliko kitufe chake: aliusoma mswada unaochosha.

Ngoja nionyeshe unachosha vipi. Mswada wa fedha hauandikwi kama habari. Unaandikwa kama maagizo ya fundi anayerekebisha sheria nyingine: ondoa hiki, weka kile, badilisha neno fulani. Mmoja wa mistari yake ulisema tu kwamba kifungu cha 59A cha Sheria ya Taratibu za Kodi kirekebishwe kwa kufuta kijifungu cha (1B). Basi, umeishia hapo. Unaweza kuusoma mara kumi usione kitu, kwa sababu kilicho muhimu hakimo ndani yake, kimo ndani ya kile kinachofutwa. Lazima ufungue sheria ya zamani kando, uitafute (1B), ndipo unagundua kwamba ndiyo iliyokuwa ikimkataza mkuu wa kodi kumlazimisha mfanyabiashara ampe siri za biashara na data za kibinafsi za wateja wake. Mstari mmoja wa kufuta, na kinga imeondoka.

Nilipowapa vijana zoezi hili kwa mara ya kwanza niliwagawa wawili wawili, simu moja ina mswada, ya pili ina sheria. Ilichukua karibu nusu saa. Msichana aliyekuwa wa kwanza kuipata aliniita kwa sauti ya mtu aliyefumania: "Mwalimu, kumbe mwizi hayuko kwenye karatasi yao, yuko kwenye yetu!" Sijawahi kulieleza jambo hili vizuri hivyo.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, na ndio ninaoupenda. Mswada ulipendekeza bidhaa kadhaa, zikiwemo simu zinazounganishwa nchini na pikipiki za umeme, zitolewe kwenye orodha ya bidhaa zenye VAT ya kiwango sufuri zipelekwe kwenye orodha ya zilizosamehewa VAT. Kila ukumbi niliouliza, jibu la kwanza ni kwamba hiyo ni habari njema.

"Kusamehewa si ndio raha?" kijana mmoja wa bodaboda aliniuliza, akiwa na uhakika kabisa.

Nikamwambia achukulie anaunganisha simu. Amenunua vipuri vya shilingi 10,000 na kulipa VAT ya 1,600 juu yake. Simu ikiwa ya kiwango sufuri, anamuuzia mteja bila VAT, kisha anakwenda KRA, mamlaka ya kukusanya kodi, kudai ile 1,600 yake na kurudishiwa. Simu ikiwa imesamehewa, anamuuzia mteja bila VAT vilevile, lakini ile 1,600 hana pa kuidai. Ataitia wapi?

Alinyamaza, akatazama dari, kisha akasema, "Kwenye bei."

Risiti ya mteja haitaonyesha VAT hata senti moja, na bei imepanda. Serikali itasema haijaongeza kodi, na kwa maneno itakuwa sahihi. Huwezi kuandamana dhidi ya kitu cha namna hiyo, maana hakuna cha kuandika kwenye bango. Unaweza tu kukisoma, kukieleza, na kuandika barua. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ndani ya tovuti ya Njeri, na kwa maoni yangu ndiyo elimu ya uraia yenyewe. Haya mengine tunayoyaita hivyo mara nyingi ni kukariri.

Tarehe 28 Mei, kwenye maombi ya kitaifa Nairobi, Rais aliwaomba vijana msamaha kwa lolote walilokosewa. Siku mbili baadaye polisi walikuwa nyumbani kwa Njeri, wakaondoka naye na vifaa vyake vya kielektroniki.

Kitufe mbele ya hakimu

Shtaka lilitoka kwenye Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018, kifungu cha 16: kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote viwili. Upande wa mashtaka ulidai kwamba alitengeneza programu iliyotuma barua pepe kwa wingi kwenye anwani rasmi za Bunge, na hivyo kuvuruga kazi ya kawaida ya mifumo hiyo. Aliachiliwa kwa bondi ya shilingi 100,000 akisubiri uamuzi kuhusu shtaka lenyewe, mashabiki wakiwa wamejaa nje ya korti.

Katikati ya kusubiri huko, tarehe 8 Juni, Albert Ojwang, mwalimu na mwandishi wa mitandaoni aliyekamatwa kwa sababu ya machapisho kumhusu afisa mkuu wa polisi, alifia mikononi mwa polisi katika Kituo cha Central, Nairobi. Ninalitaja kwa sababu mwalimu hawezi kusimama mbele ya vijana akawaambia waandike majina yao kamili chini ya maoni yao bila kulijibu swali ambalo jambo hili limeliweka hewani. Nitalirudia.

Tarehe 20 Juni hakimu aliitupa kesi. Hati ya mashtaka, alisema, haionyeshi kosa lolote la kisheria.

Wengi walishangilia wakaishia hapo. Mimi nilirudi kwenye maneno mawili ya kifungu cha 16: bila idhini. Kwa mwanafunzi wa uraia, hapo ndipo penye utamu. Bunge lilikuwa limetangaza magazetini anwani ya barua pepe na kuwaomba wananchi waandike. Tangazo lile ndilo idhini. Ukialika kijiji kizima kwenye harusi, huwezi kumshtaki aliyewaonyesha watu njia kwa sababu wamefika wengi.

Lakini nisiwe wakili wa upande mmoja. Kwa wanaotengeneza tovuti, kitufe cha barua pepe kina namna mbili. Ya kwanza hufungua programu ya barua pepe ya mtumiaji mwenyewe, anwani ikiwa imeshaandikwa na maneno yameshajazwa. Barua inatoka kwenye akaunti yake, na anayeituma ni yeye, kwa kidole chake. Ya pili, seva mahali fulani inatuma yenyewe, mara elfu, na majina huenda ni ya watu ambao hawajui kama wameandika. Ya kwanza ni karani wa mtaani anayekuandikia barua kisha anakupa kalamu utie sahihi. Ya pili ni ghushi. Nyaraka za serikali hupenda kuziita zote mbili kwa jina moja, "barua pepe kwa wingi", na vijana wengi nao hawazitofautishi. Siku hizi somo langu kuhusu zana za mtandaoni lina swali moja tu: barua hii imetoka kwa nani? Ukiweza kumtaja mtu, mtu huyo yupo na ameikubali, uko upande salama wa Katiba. Ukishindwa, acha, hata kama nia yako ni njema.

Ninapotofautiana naye

Kuna kitu kimoja ambacho ningekifanya tofauti, na nakisema nikijua kwamba yeye alilala seli, mimi nililala nyumbani kwangu.

Barua elfu kumi zenye maneno yaleyale ni barua ngapi? Kisiasa ni elfu kumi, mbunge anayehesabu kura lazima ashtuke. Kikamati, naogopa ni moja. Ripoti za kamati za Bunge kuhusu miswada ya fedha hupangwa kifungu kwa kifungu: fulani alisema hivi kuhusu kifungu hiki, kwa sababu hii, na kamati imeamua vile. Wanaojaa kwenye majedwali hayo ni vyama vya wahasibu, vyama vya watengenezaji bidhaa, mabenki, makampuni ya ushauri wa kodi. Wana watu wanaolipwa kuandika kwa mpangilio ambao jedwali linaumeza. Raia wa kawaida akiandika "naukataa mswada wote", jedwali halina kisanduku cha kumweka.

Neno lenyewe, "kataa, usirekebishe", lilikuwa mwito wa 2024, na mwaka ule lilikuwa na mantiki yake: waliona marekebisho ni chambo. Siwezi kuwalaumu. Ila tazama kilichotokea kwa ule mstari wa data za kibinafsi mwaka 2025. Kamati iliukataa, ikitaja haki ya faragha katika Kifungu cha 31 cha Katiba. Hoja yenye kifungu cha mswada upande mmoja na kifungu cha Katiba upande wa pili iliingia kwenye jedwali na ikapenya. Mswada uliobaki ulipitishwa, na Rais akautia sahihi tarehe 26 Juni.

Basi mimi ningekiacha kitufe, ila ningeacha nafasi tupu katikati ya barua. Anwani ijazwe, kichwa kijazwe, nambari ya kifungu ijazwe, kisha mstari mmoja uwe mweupe: kifungu hiki kitanifanyia nini mimi? Mtu asipoujaza, barua isiende. Najua kitakachotokea: idadi itaanguka. Kati ya kumi, pengine watatu wataandika kitu. Nawataka hao watatu.

Wapo watakaoniambia kwamba nambari ndizo zinazowatisha wakubwa, wala si hoja, na watataja 2024. Hawakosei sana. Hata korti hazijatulia juu ya uzito wa maoni yetu. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya tumbaku, kwamba ushirikishwaji wa umma lazima uwe wa kweli, si wa kutimiza desturi. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliifuta Sheria ya Fedha ya 2023 nzima, moja ya sababu ikiwa udhaifu katika ushirikishwaji huo, na Oktoba mwaka uleule Mahakama ya Juu ikaibatilisha hukumu hiyo. Ukiwafundisha vijana kwamba hoja nzuri hushinda, unawadanganya. Unachoweza kuwaambia kwa dhamiri safi ni kwamba hoja iliyoandikwa na kupokelewa inabaki kwenye faili, na faili ndiyo inayofuatwa kesi ikifika kortini.

Wala Njeri hakuwa wa kwanza. Vijana hushangaa nikiwaambia kwamba tovuti ya Mzalendo, inayofuatilia wabunge wanasema nini, ilianzishwa katikati ya miaka ya 2000, wakati ambapo wengi wao hawajazaliwa. Kundi hilo lina jukwaa liitwalo Dokeza, ambapo unaweza kuufungua mswada na kuandika maoni kwenye kifungu chenyewe. Zana zipo. Kilichokuwa kipya Mei 2025 ni lugha nyepesi, kasi, na wakati: watu walikuwa bado na moto wa mwaka uliopita.

Shuleni je? Sisi wa 8-4-4, mfumo wa elimu wa zamani, tulikuwa na GHC, jiografia na historia na uraia kwenye chungu kimoja, kisha sekondari ikaja Historia na Serikali. Taja kazi tano za Spika. Eleza hatua ambazo mswada hupitia. Nilizijua zote, nilipata alama nzuri, na nilifika miaka thelathini sijawahi kumwandikia Karani wa Bunge hata mstari. Hakuna aliyenionyesha tangazo lile gazetini linafananaje. Mtaala mpya unawapa wanafunzi miradi ya huduma kwa jamii, jambo jema, ingawa miradi mingi niliyoiona ni kuokota takataka sokoni. Hakuna ubaya kuokota takataka. Lakini soko hilohilo lina ada, ada hiyo ina sheria, na sheria hiyo kila mwaka hupita kwenye bunge la kaunti huku wenye vibanda hawana habari.

Tulivyoijaribu

Kwa sababu hiyo, baada ya Juni niliamua kuacha mfano wa Nairobi na kuchukua mswada wa fedha wa kaunti. Kaunti siitaji. Kundi lilikuwa la vijana 14, wengi wamemaliza kidato cha nne, wawili wanaendesha boda, mmoja anasukuma mkokoteni wa maji. Tangazo tulilipata kwenye gazeti la siku sita nyuma, limefungiwa vitumbua. Siongezi chumvi: kona moja ilikuwa na doa la mafuta juu ya tarehe ya mwisho, tukaiinua kwenye mwanga tukaisoma.

Walisoma kwa mtindo uleule, simu mbili mbili. Waliona ada ya siku ya kibanda cha chakula imepandishwa. Msichana ambaye mama yake huuza mahamri na mbaazi asubuhi alichukua kalamu, akaanza kwa Kiingereza, akafuta, akaanza tena, akakwama. Nikamuuliza kwa nini Kiingereza. Akasema, "Si ni ya serikali?" Nikamfungulia Kifungu cha 7: Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Na cha 120, lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Aliandika ukurasa mzima. Alipiga hesabu ya unga, mafuta, makaa na maji, akaonyesha faida ya mama yake kwa siku, kisha akaweka ada mpya chini yake. Ukurasa ule usingeweza kutoka kwenye kitufe cha mtu yeyote.

Ulipofika wakati wa kuandika jina, akauliza swali nililokuwa nikilingoja. "Mwalimu, hawatanikamata?"

Wengine walicheka. Mimi sikucheka. Nilimweleza nilichokuwa nacho: kwamba kesi ya Njeri ilitupwa, kwamba tangazo ndilo idhini, kwamba mtu akikamatwa ana haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, ya kunyamaza, na ya kupata wakili. Nikamwambia pia kuhusu Ijumaa. Na nikamwambia kwamba si lazima aandike jina kamili ikiwa moyo hautaki, tunaweza kuandika kama kikundi. Siwezi kuwabebesha watoto wa watu hatari ilhali sitakuwa nao nikishafunga begi langu. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo sheria ileile ya 2018 ilirekebishwa na kuongezewa makali, na baadhi ya vifungu vipya vikasimamishwa na Mahakama Kuu siku chache baadaye. Nani angeweza kumwahidi chochote? Aliandika jina lake la kwanza na la mama yake, na jina la soko.

Tukatuma barua zote 14. Baada ya dakika chache zikaanza kurudi, moja baada ya nyingine: anwani iliyochapishwa kwenye tangazo haikuwepo. Tulijaribu kurekebisha herufi tuliyodhani imekosewa, bado zikarudi. Tarehe ya mwisho ilikuwa kesho yake saa kumi na moja jioni.

Kwa hiyo tukachapisha. Saibani ukurasa ni shilingi kumi, tukachanga. Watano ndio waliokuwa na nafasi ya kwenda, mimi nikawasindikiza hadi getini nikabaki nje kwa makusudi, chini ya mwarobaini. Walinisimulia baadaye kwamba karani wa mapokezi alizipokea karatasi, akazipindua, akatafuta barua ya juu yenye nembo, hakuiona.

"Nyinyi ni shirika gani?"

"Sisi si shirika," msichana wa mahamri akamjibu. "Sisi ni wa hapa sokoni."

Karani alikaa nazo kidogo mkononi. Kisha akavuta muhuri, akaugonga kwenye wino, akapiga ukurasa wa kwanza. Yule anayesukuma maji akamwomba apige zote, na nakala zao pia. Akapiga zote, mara 28, tarehe juu ya tarehe. Walipotoka nje wameshazipiga picha, na kabla hatujafika stejini zilikuwa zimeingia kwenye kundi la WhatsApp la wenye vibanda, ambako mtu mmoja aliuliza kama bado kuna muda na yeye aandike ya kwake. Ilikuwa saa nane na nusu.